Wazee wa Treni na Vita ya Pai

Kule Leicester, Uingereza, kuna wazee watatu, kila Alhamisi jioni wako gereji wanacheza treni. Wadau, usithubutu kuziita midoli mbele yao! Hizi ni modeli za OO, zimepunguzwa mara 76, na reli mbili zimeachana milimita 16.5 tu. Behewa likiacha reli, lawama mpaka saa nne usiku.

Ila ugomvi wenyewe hasa ni pai. Wawili ni wa pai ya nguruwe ya Melton Mowbray, ile inayoliwa baridi, nyama ya kijivu, ubavuni imefura maana inaokwa bila kopo la kuishikilia. Wa tatu kazaliwa Cornwall, kwake ni pasti ya nyama ya ng'ombe na viazi, basi.

"Hilo lenu tofali," anawaambia.

"Lako sambusa limevimba!"

Mzee wa Cornwall alipotea tangu Machi, alipomzika mkewe. Na pasti zote zile alikuwa anaoka huyo mama. Alhamisi iliyopita karudi, mikono mitupu. Kumbe wenzake, watu ambao hawajawahi kushika unga maishani, wamemwokea moja. Upande umeungua, mshono umeachia, viazi viko nje.

Mzee kaiangalia weee.

"Hii imeacha reli," kasema.

Wakacheka mpaka wakashika meza. Kaila yote, hadi ile sehemu iliyoungua, kisha kauliza leo nani anaendesha.