Kutoka Tanga Hadi Kibong'oto

Basi letu liliondoka Tanga kabla jua halijachomoza, na mpaka Muheza nilikuwa nasinzia. Kuvuka Segera kwenda juu ilikuwa mara yangu ya kwanza. Dar es Salaam naijua, Pangani naijua, Mombasa nina shangazi, ila nchi ya milima niliifahamu kwa viazi na kabichi zinazoshushwa soko la Ngamiani. Safari hii ilikuwa ya kikazi. Hospitali ninakofanya uuguzi ilitaka mtu wa wodini akajifunze namna ya kumhudumia mgonjwa wa maradhi yanayoambukiza kwa hewa pale moyo wake unaposimama. Utakwenda Kibong'oto, wakaniambia. Mama aliposikia jina hilo alinyamaza, kisha akauliza kama mume wangu ameshajua. Kwa watu wa rika lake, Kibong'oto ni kifua kikuu, basi.

Baada ya Korogwe mashamba ya mkonge yakapungua, na milima ya Usambara ikatuandama upande wa kulia. Mombo alipanda mzee mmoja anayekohoa, amejitanda shuka mpaka puani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akalisukuma dirisha lake likafunguka lote. Konda akaja juu: vumbi litaingia, abiria watalalamika. "Vumbi litafuliwa, baba," akamjibu, akakaa. Mzee mwenyewe akamshukuru. Tulikwenda hivyo hadi Same, milima ya Upare nayo ikiwa imeshika zamu, nywele zetu zimekuwa nyekundu kwa vumbi.

Boma Ng'ombe nikabadili gari, nikabanwa kwenye Noah iliyojaa ndoo za maziwa, tukapanda kuelekea Sanya Juu. Baridi! Mtu wa pwani akiambiwa kuna baridi hubeba mtandio, kumbe nilihitaji koti. Mlima wenyewe, Kilimanjaro, ulikuwa umefunikwa na mawingu, na niliowauliza kuhusu kilele chake, Kibo, waliniambia nisubiri asubuhi, wakati mawingu bado hayajaamka.

Hospitali ya Kibong'oto ilianza mwaka 1926, wakati ambapo dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu ilikuwa haijapatikana popote duniani. Mgonjwa alipewa mapumziko, chakula na hewa ya mlimani. Leo dawa zipo, na tangu 2009 wagonjwa wa kifua kikuu sugu hutibiwa hapo, lakini hewa haijapoteza cheo chake. Chumba cha mgonjwa wa namna hii kinatakiwa kibadilishe hewa yake yote angalau mara 12 kwa saa. Nilimkumbuka yule mama wa kwenye basi.

Aliyetufundisha alikuwa muuguzi wa makamo, Mpare, mwenye sauti ya chini. Sote tulimwita Mama, na yeye akatuita wanangu, pamoja na daktari mmoja mwenye mvi. Sanamu ya mazoezi ililazwa kitandani, akasema: huyu ana homa ya mapafu ya kuambukiza, hapumui, anza. Kijana mmoja kutoka Manyara, tabibu, akaruka mpaka kitandani, akainamisha sikio mdomoni mwa sanamu kusikiliza pumzi, kama tulivyofundishwa sote chuoni. Mama akagonganisha viganja mara moja. "Umeshaugua, mwanangu. Toka."

Sikio halipelekwi mdomoni. Unasimama pembeni, unatazama kama kifua kinapanda, unapapasa mshipa, na unapoita msaada unataja kabisa kwamba mgonjwa ana maradhi ya hewa, ili anayekuja aje amevaa vifaa vya kinga. Kukandamiza kifua peke yake kunaweza kusukuma nje hewa yenye vijidudu. Kumpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kuminya kwa mkono, kumnyonya makohozi na kumwingiza mrija wa hewa ni hatari zaidi. Kwa hiyo kazi hizo hazianzi kabla watu hawajavaa.

Tabibu wa Manyara hakuridhika, na mimi nilikuwa upande wake. Ubongo hauvumilii kukosa damu zaidi ya dakika chache, alisema. Tutasimama tunafunga kamba za gauni wakati mtu anakufa? Mama hakukasirika. Akatueleza habari za Toronto, Kanada, mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa maradhi ya mapafu ya SARS, jinsi watumishi wa afya walivyougua baada ya kuwahudumia wagonjwa waliozidiwa, wakiwamo waliokuwa wakiwekewa mirija na kukandamizwa vifua. Kisha akauliza: zamu ya usiku kwenu mko wangapi? Wawili, akajibu kijana. Basi ukianguka wewe, wagonjwa waliobaki wana nani?

Tena si kwamba mgonjwa anaachwa hivi hivi. Kama mashine ya kushtua moyo ipo karibu na mtu mwenye barakoa ya N95 yumo tayari chumbani, anaweza kumshtua wakati wenzake wanavaa, kwa sababu mshtuko hautoi hewa nyingi kifuani. Wanaoingia ni wachache, wale wenye kazi tu. Mmoja anabaki mlangoni, anapitisha vifaa na kuandika saa. Ukandamizaji ni ule ule, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Kinachobadilika ni ambu: kichujio kinakaa kati ya mfuko na kinyago, mtu mmoja anabana kinyago usoni kwa mikono yote miwili hewa isivuje, mwingine ndiye anayeminya. Thelathini za kifua, mbili za pumzi, na mikono inasimama wakati wa pumzi. Mrija unaingizwa na aliye hodari kuliko wote, na kifua kikiwa kimetulia, ili asirudie. Kwa mtoto hakuna kuruka pumzi, maana mara nyingi moyo wake husimama kwa kukosa hewa.

Kulikuwa na suala la ndevu. Barakoa ya N95 haibani juu ya ndevu, na mwenzetu mmoja alikuwa nazo nzuri, za kuchanwa. Alibishana jioni nzima. Asubuhi, Kibo ikiwa nje peupe, nyeupe juu ya migomba, alitokea amenyoa na hatukumtambua.

Siku ya mwisho tulipimwa kwa saa. Vifaa vikiwa stoo, kuvaa kulikula dakika nyingi kuliko ubongo unavyovumilia. Vikiwa kwenye sanduku lililotundikwa mlangoni, barakoa juu, gauni chini yake, miwani, glavu, ambu yenye kichujio chake tayari, muda ule ulipungua zaidi ya nusu. Hapo ndipo mimi na tabibu wa Manyara tulipokubali. Dakika inayopotea huwa haipotei kwenye kuvaa. Hupotea kumtafuta mwenye funguo.

Kuvua kulitushinda wengi. Umechoka, jasho linaingia machoni, unataka kujinyofoa kila kitu. Glavu kwanza, kisha gauni likikunjwa ndani nje, unanawa, miwani, unanawa tena. Barakoa ni ya mwisho, nje ya chumba, kwa kushika kamba za kisogoni, uso wake usiguswe.

Nawaomba wakuu wa hospitali waweke sanduku hilo mlangoni, lijazwe kila zamu, lisifungwe kwa kufuli. Nanyi ndugu wa wagonjwa, ikitokea mkamwona muuguzi amesimama mlangoni anafunga barakoa wakati mtu wenu amezimika ndani, msimtukane wala msimsukume. Mpisheni njia, mtoke nje. Na ikiwa mtu mzima yamemkuta nyumbani, hakuna muuguzi, mfunikeni mgonjwa mdomo na pua kwa kitambaa chepesi, fungueni madirisha, mkandamizeni kifua bila kumpulizia, na mwingine akaite gari.