Maji Yanayosafiri Bila Meli

Mwaka 1998 kampuni ndogo ya mji wa Sault Ste. Marie, Nova Group, ilipewa kibali na serikali ya jimbo la Ontario, Kanada, kuchota hadi lita milioni 600 kwa mwaka kutoka Ziwa Superior na kuzisafirisha Asia kwa meli. Kwa ziwa lenye ukubwa ule, hicho ni kitone. Hata hivyo habari ilipovuja watu walifura, Kanada na Marekani pia, na kibali kikafutwa.

Hofu yao haikuwa kina cha ziwa. Council of Canadians, shirika la wananchi lililoanzishwa 1985 na kuongozwa miaka mingi na Maude Barlow, lilikuwa likionya kwamba chini ya mkataba wa biashara wa NAFTA, maji yakishauzwa kama bidhaa yoyote itakuwa vigumu kuwanyima wanunuzi wa kesho. Wananchi walielewa hoja hiyo, wakawabana wabunge wao. Baadaye waligeukia makampuni ya maji ya chupa, ambayo hadi 2017 yalilipa Ontario dola 3.71 tu kwa lita milioni moja. (Ndiyo, umesoma sawasawa.) Kelele zilipozidi, ada ikapanda hadi dola 503.71.

Lakini tusiwapambe Wakanada kupita kiasi. Katika jimbo hilohilo, wenyeji asilia wa Neskantaga waliambiwa wachemshe maji ya kunywa tangu 1995, miaka mitatu kabla ya sakata la meli, na agizo hilo likaendelea kwa miongo.

Kwetu Naivasha, Kenya, maji huondoka bila meli, ndani ya maua. Kila waridi la mashamba yetu limekunywa lita kadhaa kabla ya kukatwa, kisha linapanda ndege Nairobi kuelekea Uholanzi na Uingereza. Siwezi kuyalaani maua: yamelisha na kusomesha watoto wengi. Lakini ukame wa 2009 ulipolisinyaza Ziwa Naivasha, ubishi juu ya nani anachota kiasi gani ulipamba moto. Miaka ya karibuni ziwa limejaa hadi kumeza nyumba za mtaa wa Kihoto, na swali lile limezama nazo. Kipo chama cha watumiaji maji, ambamo wenye mashamba ya maua huketi na wakulima wadogo, na ni jambo jema. Ila wanaoketi pale ni wachotaji wenyewe.

Kule Ontario hata asiyechota ana sauti: anayetaka kuchota zaidi ya lita 50,000 kwa siku huomba kibali, na maombi hutangazwa kwenye intaneti ili raia yeyote atoe maoni. Wapo wastaafu wanaoyasoma matangazo hayo kama wengine wasomavyo matokeo ya mpira.

Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulipopigia kura haki ya maji, Kanada, Kenya na Tanzania zote hazikuunga mkono wala kupinga. Mwezi uliofuata Kenya ikazindua Katiba ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Katiba ya Kanada haina kifungu kama hicho. Basi wenye kifungu tukitumie: kila kibali cha kuchota maji Naivasha, pamoja na kiasi kinachochotwa kweli, kibandikwe kwa Kiswahili pale mtaa wa Karagita, kando ya ziwa, penye foleni ya mitungi.