Chini ya Kaunta ya Mangi

Mpwa wangu wa miaka 14 aliniita pembeni, sura imemshuka. "Mjomba, nadhani naumwa." Ameamka shuka limelowa, keshajiandalia kifo. Simu yake imejaa kila uchafu wa dunia, lakini hajapata mtu wa kumwambia kwamba kuota ni kubalehe.

Sisi wa Mbagala haya tuliyapata madrasa. Ustadhi alifungua kitabu cha Safinatun-Najaa akasoma dalili za baleghe kwa sauti ileile ya kusomea udhu: kutimiza miaka 15, au kuota. Likafuata josho la janaba. Hakuna aliyecheka; bakora ilikuwa karibu. Babu yangu alipitia jando, akafundwa kumbini. Mimi nilitahiriwa hospitali asubuhi, jioni nikala wali kuku, mafunzo yakaishia hapo. Shuleni mwalimu wa Baiolojia alichora ua.

Yaliyobaki alitumalizia Mangi. Duka lake lilinuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na dagaa. Kondomu za Salama alizificha chini ya kaunta, nyuma ya boksi la viberiti. Ukija macho chini, "Mangi, nipe ile," hakupi mpaka akuulize: "Yako au umetumwa?" Wote tulikuwa tumetumwa. Anacheka, anakuonyesha tarehe ya kuisha, anakukanya usiichane kwa meno wala kuikalia mfukoni mwezi mzima, kisha anaizungushia gazeti kama vitumbua. Ilikuwa 1994, maana Mkwaju, yule dereva wa lori wa mchezo wa redio wa Twende na Wakati aliyeishia kupata UKIMWI, alianza kutamba Redio Tanzania 1993, na kila kipindi kilipofika Mangi aliongeza sauti, wateja wasubiri. Au 1995, si kitu.

Duka lilivunjwa kupisha barabara ya mwendokasi. Kabla ya hapo lilishakuja jarida la Fema, zikaja kampeni za tohara huko Iringa na Njombe, vijana wakataniana kuhusu mkono wa sweta, yaani asiyetahiriwa. Mambo mazuri, ila mengi yakija na mfadhili huondoka naye.

Shuleni kwa mpwa wangu wasichana hukusanywa darasani wakafundishwa hedhi. Sina ugomvi na hilo, limechelewa hata. Ila wavulana saa hiyo hutolewa nje wakacheze mpira! Nilimuuliza mwalimu sababu. Akasema wavulana hawana mambo mengi, watajua wenyewe. Nikamwambia hata Mkwaju alijua mwenyewe. Akaniuliza huyo Mkwaju anasoma darasa gani.