Mvua ya Kericho Haimhurumii Aliyefunga Mzigo Ovyo

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Lakini wewe unayeondoka Nairobi kwa pikipiki kwenda Kericho, usingoje kuyaona mawingu ndipo utafute pa kuficha nguo zako. Katika nyanda hizo za majani chai, asubuhi aghalabu huwa ya jua, na alasiri, kwa miezi mingi ya mwaka, mbingu hufunguka. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda milima, hupoa na kugeuka mvua, mara nyingine mvua ya mawe. Hiyo ndiyo inayokuza chai unayokunywa nyumbani, na ndiyo inayowatia hasara wasafiri wengi.

Safari yenyewe ni ya kilomita zipatazo 265, kupitia Naivasha, Nakuru na Mau Summit. Siku hizi familia nyingi za mjini zina pikipiki, na kuna wanafunzi wa vyuo wanaorudi masomoni kwa chombo hicho. Hebu mfikirie kijana aliyebeba vyeti vyake vya shule, kompyuta, blanketi na nguo za muhula mzima. Vyeti vikilowa, atapanga foleni ofisi baada ya ofisi kutafuta vingine. Lakini mkoba ukilegea na kuingia kwenye gurudumu la nyuma, hasara haitakuwa ya karatasi tena.

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kuwasha injini una maswali mawili ya kujibu. Maji yataingilia wapi? Na mzigo huu utaponyokea wapi?

TAZAMA MDOMO WA MKOBA

Wengi wakienda sokoni hushika kitambaa cha mkoba, wakakisugua kwa vidole, na kuridhika. Ukweli ni kwamba maji ni nadra kupita katikati ya kitambaa kizito. Hupitia kwenye zipu, na kwenye mishono, ambapo kila tundu la sindano ni mlango. Tena ikumbukwe kwamba mvua inayokupiga ukiwa kasi ya kilomita 80 kwa saa si ile inayodondoka juu ya paa. Husukumwa na upepo kutoka mbele, na magurudumu ya malori hukurushia nyingine kutoka chini.

Mkoba wa kutegemewa ni ule wa plastiki nzito ambao vipande vyake vimeunganishwa kwa joto badala ya kushonwa. Mdomo wake hukunjwa mara tatu au zaidi, kisha hubanwa kwa bizimu kama ile ya mshipi. Nunua ulio mkubwa kidogo kuliko mzigo wako, kwa maana mkoba uliojazwa hadi shingoni haukunjiki, na usipokunjwa vyema hauna tofauti na gunia. Ukipata wa rangi ya manjano au ya machungwa, bora zaidi, kwani dereva wa lori atakuona mapema katika ukungu.

Ikiwa mfuko hauruhusu, wapo mafundi wanaoshona turubai za malori. Mwombe mmoja akushonee mfuko mrefu wa turubai zito, mshono ukae upande wa chini, na mdomo uwe mrefu wa kutosha kukunjwa. Mishono hiyo itavuja kidogo, kwa hivyo vitu vya thamani viwe na kinga ya pili ndani.

Zamani kinga hiyo ya pili ilikuwa mifuko ya nailoni ya dukani. Mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na ile ya kitambaa chepesi iliyochukua nafasi yake hupitisha maji kama chujio. Lakini iko dawa rahisi: ndoo ndogo ya plastiki ya rangi, ya lita 4, iliyosafishwa vizuri, yenye kifuniko kinachobana. Vyeti, kitambulisho, dawa na simu ya ziada vitaenea humo, na ndoo itakaa katikati ya nguo. Kompyuta nayo izungushiwe sweta, kwani mtikisiko wa barabara huiumiza sawa na maji.

Vipi kuhusu sanduku la nyuma, lile la plastiki lenye kufuli? Ni zuri kwa mjini, maadamu ule mpira wa kuzunguka mfuniko haujapasuka na haujashika vumbi. Soma uzito unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida huandikwa ndani, nao mara nyingi ni kilo chache tu. Ama lile sanduku la bati la shule ya bweni, linaloundwa na mafundi wa Kamukunji, liache kwa safari za basi. Mfuniko wake huruhusu maji, na kona zake zitakuumiza vibaya ukianguka.

Mjaribu mkoba nyumbani kabla ya kuuamini. Weka ndani kurasa kavu za gazeti, ufunge, kisha uumwagie maji bafuni kwa dakika 10 ukiugeuza pande zote. Gazeti halifichi siri. Mahali palipopata tone utapaona mara moja, na watoto watafurahia kukusaidia.

KAMBA GANI, NA IFUNGWE WAPI

Hapa ndipo penye roho ya msafiri. Mkoba mbovu utakulowesha nguo, ilhali mkoba mzuri uliofungwa vibaya waweza kukuua.

Kamba ya katani hunywa maji na kukaza inapolowa, kisha hulegea inapokauka. Ya nailoni ni kinyume chake, kwani hulegea inapolowa. Ukiifunga kwa nguvu Nairobi kwenye jua, usishangae ikining'inia ukifika Mau Summit. Blada, yaani ile mipira inayokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu, hainywi maji na hushika sana, lakini jua huipasua polepole. Ivute mbele ya macho yako, na ukiona nyufa, itupe. Zile kamba za kunyumbuka zenye ndoano zitumie kushikilia koti tu. Ndoano ikichomoka inaweza kukupiga jichoni, na mzigo mzito huivuta hadi ikaachia. Kitu cha kutegemea ni mikanda bapa ya poliesta yenye bizimu za chuma, ambayo hainyooki sana hata ikilowa.

Weka mkoba juu ya kerea ukiwa umelala kutoka upande hadi upande, karibu na mgongo wako kadiri iwezekanavyo. Vitu vizito viwe chini na upande wa mbele. Ukiviweka nyuma kabisa, gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utaanza kuyumba, hususan kwenye lami yenye maji. Funga kwa pembe nne, mikanda ikipishana juu ya mkoba, na ncha zake zishike chuma cha kerea au cha fremu. Usifunge kwenye indiketa wala kwenye kibao cha nambari, kwani hivyo ni vya kuvunjika. Taa ya nyuma ionekane yote.

Kisha chuchumaa utazame chini. Je, mkoba unagusa bomba la moshi? Utayeyuka. Je, ncha za mikanda zinaning'inia? Zikunje na kuzifunga fundo, kwa sababu ncha moja ikinaswa na cheni au spoki, gurudumu la nyuma hukwama ghafula, na pikipiki inayokwama katika mwendo humtupa mwenyewe. Mwisho shika mkoba kwa mikono miwili uutikise kwa nguvu. Pikipiki nzima iyumbe pamoja nao. Mkoba ukitikisika peke yake, fungua uanze upya.

Mzazi, usikubali mtoto wako asafiri kilomita 265 huku shanta zito likiwa mgongoni. Humchosha mabega, na akianguka vilivyomo vyaweza kumvunja uti wa mgongo.

BARABARA NDIYO MTAHINI

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, nawe ukienda kwa utaratibu utakaribia Kericho mvua ya alasiri ikiwa bado inajikusanya. Baada ya kilomita 20 hadi 30 za kwanza, simama ukaze mikanda tena. Nguo zitakuwa zimeshindiliwa na mtikisiko, na mkoba uliokuwa umejaa sasa una nafasi. Ukitoka kupitia Kikuyu, kituo cha petroli upande wa Limuru kitakufaa kwa kazi hiyo. Miezi ya Juni hadi Agosti huko huwa na baridi na ukungu mzito, basi vaa koti la mvua kabla hujalihitaji. Koti lenyewe lisiwe ndani ya mkoba. Likiwa humo, itakubidi kuufungua mkoba mvuani, na kazi yote ya kuzuia maji itakuwa imeharibika.

Ukishika njia ya chini ya Mai Mahiu, utalipita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia, ambao ndio waliojenga barabara hiyo. Mandhari ya Bonde la Ufa ni ya kupendeza, lakini upepo wa ubavuni hapo hauna mchezo. Mkoba mpana hugeuka tanga. Mzigo wako uwe mwembamba, usiopita upana wa usukani.

Nakuru ni mahali pema pa kula na kukagua kila fundo, kwa sababu baada ya hapo unapanda kuelekea Salgaa na Mau Summit kati ya malori marefu. Huko si mahali pa kusimama kando ya lami kurekebisha mkanda. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliwaparamia watu na magari kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Ukihisi mzigo umelegea, punguza mwendo, ingia ndani ya kituo cha petroli au ua wa duka, mbali na barabara, kisha ushuke.

Kutoka Mau Summit utashika kushoto kuelekea Kericho, na muda si muda mashamba ya chai yatakupokea pande zote mbili, kijani kibichi hadi upeo wa macho. Mvua ikikukuta hapo, usiharakishe. Mzigo uliofungwa vyema hauna haraka. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara usiyoiona chini, usijaribu kuvuka, hata kama mwingine amevuka.

Ukifika, usiuache mkoba umefungwa hadi kesho yake. Jasho la nguo na unyevu uliobaki ndani huota ukungu kwa usiku mmoja au miwili. Toa vyote, upanguse ndani kwa kitambaa kikavu, uutundike mdomo ukiangalia chini. Mikanda nayo ianikwe kivulini. Kisha waandikie wa nyumbani kwamba umefika, uagize chai ya papo hapo Kericho, na uyasikilize mawe ya mvua yakipiga mabati huku vyeti vyako vikiwa vikavu ndani ya ndoo ya rangi.