Mgonjwa Akikataa Shauri Letu

Sisi tunaouguza wagonjwa hapa Uvira twaijua vema kolera, maana imekaa miaka mingi katika mji huu wa kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2020 watu wengi walinyweshwa chanjo, walakini ugonjwa haujatutoka. Twajua pia kwamba mtu aliyeishiwa na maji mwilini aweza kufa kwa saa chache tu. Ndiyo sababu mgonjwa akikataa shauri letu, hasira hutupanda upesi.

Siku moja aliletwa mama mmoja kutoka mtaa wa Songo. Kila alichokunywa alikitapika. Tulimwambia kwamba hana budi kutiwa serumu. Akauficha mkono chini ya kitenge, akasema: "Hapana, wanangu." Nasi tukamjibu kwa ukali: "Basi, mama, ulikuja kufanya nini?" Akatupa mgongo, akaomba arudishwe kwake.

Mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akaketi kando ya kitanda, akamwuliza taratibu: "Mama, waogopa nini?" Kumbe mumewe alitiwa serumu, akafa saa ile ile, naye aliamini kuwa sindano ndiyo iliyomwua. Mwenzetu hakumcheka. Alimweleza kwamba kiuacho ni kuishiwa na maji, akamwambia wazi hatari ya kukataa. Kisha akasema: "Mkono ni wako, mama. Ukikataa, hatutakufukuza, tutakunywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Ukibadili nia, utuite." Haukupita muda mrefu, mama akautoa mkono mwenyewe.

Si wote wautoao. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alikataa kukatwa mguu uliooza. Akili zake zilikuwa timamu, aliyaelewa yote, akachagua kurudi kwa watoto wake. Tulikwenda kumwosha kidonda mpaka alipofariki. Twakiri kwamba ilituuma. Lakini hakufa ameachwa.

Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha waganga kwamba kwa kawaida mganga hana haki ya kumtendea mgonjwa jambo ila kwa ruhusa yake. Fundisho hilo latuhusu nasi wauguzi. Wajibu wetu ni kusema kweli yote, kuitafuta hofu iliyofichika, na kutoufunga mlango. Nanyi jamaa za wagonjwa, mkiogopa jambo, tuambieni, msinyamaze. Hasira hasara: mgonjwa tuliyemwaibisha leo, kesho hatakuja kwetu hata akizidiwa.