Sabufa mbili zisizofanana, na kiti cha mzee

Kimya kilikuwa kirefu, kazi za watu zilinibana. Leo siandiki habari za seva wala hifadhidata. Leo ni habari za besi.

Hapa nyumbani Kiserian tuna sabufa mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ya mzee wangu. Aliendesha matatu ya namba 126, Kiserian kwenda Nairobi, kwa miaka mingi, na enzi zile gari lisilo na muziki abiria waliliacha lipite. Akachongewa na fundi wa hapa hapa boksi zito la mbao lenye tundu mbele, ndani spika ya inchi 12. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, boksi likashuka kwenye gari na kuhamia sebuleni. Nilikuwa mtoto mdogo, nikaligeuza kiti.

Ya pili niliinunua mwenyewe Luthuli Avenue kwa mshahara wangu wa kwanza. Ni ndogo, inchi 8, boksi lake limefungwa pande zote na amplifaya imo humo humo.

Mwaka huu nikaamua kuziunganisha zote mbili. La mzee nikaliweka karibu na kiti chake cha dirishani, langu likabaki pale penye televisheni. Hesabu yangu ilikuwa ya mtoto wa chekechea: moja na moja ni mbili.

Jumapili nikaweka Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Anayejua wimbo ule anajua kwamba gitaa la besi la Tom Malanga ndilo linalokubeba. Mzee akasikiliza kidogo, kisha akaniita.

"Kijana, besi umeitoa?"

"Hapana Baba, nimeongeza nyingine."

"Basi imeenda kwa jirani."

Nikacheka. Sikucheka jioni jirani alipobisha hodi kuuliza kama tuna harusi. Besi kweli ilikuwa kwake!

Ndugu msomaji, ningeweza kuzima moja na kuendelea na maisha. Lakini mwaka jana tulimpeleka mzee kupimwa masikio. Umri pamoja na kelele za miaka mingi huanza kula sauti za juu, na ndiyo hali yake. Sauti kama "s" na "f" zimemtoka, kwa hiyo maneno ya nyimbo anayakumbuka zaidi ya kuyasikia. Kilichobaki kizima ni sauti za chini. Besi kwake si mbwembwe. Ndiyo njia anayoufuatia wimbo. Na mimi nilikuwa nimeiondoa kwenye kiti chake kwa mikono yangu mwenyewe.

Basi nikafanya ninavyofanya kazini programu ikigoma: niache kubahatisha, nipime. Nilichukua Room EQ Wizard, programu ya bure ya kupima sauti chumbani, na maikrofoni ndogo ya kupimia. Nikaiweka pale kichwa cha mzee kinapokaa. Kwenye Hz 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, majibu yalikuwa hivi:

Boksi la mzee peke yake: desibeli 84.
Langu peke yake: desibeli 81.
Zote mbili pamoja: desibeli 73.

Soma tena. Mbili pamoja ni chini ya yoyote ikiwa peke yake!

Sababu ni kwamba sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Sabufa moja ikisukuma wakati ileile nyingine inavuta, zinafutana. Hilo linaitwa tofauti ya fezi. Kwangu ilitoka sehemu mbili.

Kwanza, umbali. Boksi la mzee liko mita 1.2 kutoka kitini, langu mita 2.9. Tofauti ni mita 1.7. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo yangu inafika ikiwa imechelewa milisekunde 5. Mtikisiko mmoja wa Hz 50 huchukua milisekunde 20. Tayari hiyo ni robo ya mtikisiko.

Pili, maboksi yenyewe. Boksi lenye tundu na boksi lililofungwa hazina tabia moja. Lililofungwa likifika mwisho wa uwezo wake hushuka polepole, desibeli 12 kila masafa yanapopungua kwa nusu. Lenye tundu hujitahidi mpaka karibu na sauti ya tundu lake, kisha huporomoka desibeli 24. Na pale karibu na sauti ya tundu, fezi yake hutangulia ile ya boksi lililofungwa kwa takriban robo nyingine. Tundu la boksi la mzee linaimba karibu na Hz 45.

Robo na robo ni nusu. Nusu mtikisiko ndiyo kusukuma dhidi ya kuvuta. Hitilafu mbili, kila moja ya kuvumilika, zimekutana kwenye kiti kimoja. Wenzangu wa programu mnazijua hizi.

Dawa yake ni kulichelewesha boksi la mzee. Muziki wetu unapitia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa hiyo kuchelewesha ni namba moja tu kwenye faili. Milisekunde 5 zikanipa desibeli 86. Milisekunde 8 zikanipa 88. Ningefika 10 Hz 50 ingependeza zaidi, lakini kule Hz 80 mambo yakaanza kuharibika, kwa sababu huko robo ya boksi hupungua na iliyobaki zaidi ni ya umbali. Nikabaki na 8.

Jambo la mwisho lilikuwa ulinzi. Chini ya sauti ya tundu, spika ya boksi lenye tundu haina hewa ya kuizuia tena, inapepea tu mpaka inakatika. Nikaweka kichujio kinachokata kila kitu chini ya Hz 35. Hapo mzee hapotezi kitu, maana nyuzi nne za gitaa la besi huanzia Hz 41.

Sasa swali mtakaloniuliza: si ni afadhali kununua mbili zinazofanana? Ndiyo, ni rahisi zaidi. Zikiwa pacha, hitilafu ya pili haipo kabisa, unabaki na umbali tu. Lakini sabufa zaidi ya moja, zikikaa sehemu tofauti, husaidia besi isirundikane kona moja na kukosekana nyingine. Todd Welti wa Harman alilionyesha hilo kwa vipimo mwaka 2002. Na mtaalamu Earl Geddes amekuwa akisema miaka mingi kwamba si lazima zifanane. Lazima ni kupatana.

Huna Raspberry Pi? Usijali. Cheza mlio wa Hz 50 kwa sauti ya chini. Keti pale unapoketi siku zote, mtu mwingine abonyeze swichi ya fezi nyuma ya sabufa moja, 0 kisha 180. Kama haina swichi na ina nyaya za kawaida za spika, zima amplifaya kwanza, kisha badilisha chanya na hasi. Chagua ile yenye besi nyingi zaidi. Kisha sogeza sabufa nusu mita, urudie. Na kumbuka, iliyo dhaifu ndiyo inayoweka kikomo. Ikianza kukoroma, punguza hiyo, usiilazimishe imfuate kaka yake.

Jumapili iliyofuata nikaweka wimbo uleule, sikusema kitu. Mzee alikaa, mkono juu ya mkono wa kiti, kidole kikianza kugonga pamoja na Malanga. Baada ya dakika chache akaniita tena. Nikajua kuna kasoro nyingine.

"Kijana, punguza kidogo."

Ni mara ya kwanza kunipunguzisha muziki tangu tupimwe yale masikio. Nikapunguza. Jirani hajabisha hodi tena.

Haya wadau, tukutane tena karibuni. Boksi la fundi linabaki hapa hapa.