Mipira ya Kabatini

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimeona kwamba anayewachezea wageni naye hutunzwa, ila tuzo lake hufungiwa kabatini.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Matokeo yalipokataa kunivusha, nikapanda kwa bibi, Kinole, na daftari la riwaya yangu mkobani. Msomaji wa mjini, Kinole huijui? Huenda ndizi zake umeshazila, na kama uko Dar es Salaam basi maji ya milima hii ya Uluguru umeyanywa, maana mito yake ndiyo inayoujaza Mto Ruvu. Huku ni migomba, pilipili manga, karafuu na mvua.

Kijana anayesifika kwa kuandika hakosi kazi kijijini. Mwalimu wa shule moja ya huku milimani aliniita: "Wafadhili wanakuja Ijumaa. Tutungie risala." Wafadhili hao walikuwa wameleta mipira sita na jezi mwaka uliotangulia. Nikaandika usiku kucha kwa kibatari. Sentensi moja niliipenda mno: "Tangu mlipotuletea mipira, jioni zetu zimejaa vicheko."

Aliyechaguliwa kuisoma alikuwa binti wa darasa la sita. Kwenye mazoezi, alipofika hapo akanyamaza.

"Kaka, mipira si iko kabatini?"

"We soma tu, mdogo wangu. Hiyo ni risala."

Ijumaa akasoma, tena vizuri kuliko nilivyoandika. Wageni wakapiga makofi na picha. Mipira sita iling'aa mezani, mipya kama ilivyotoka dukani. Kisha ikaja ngoma. Zilikuwa ngoma za kuazima kwa mzee mmoja, na njuga walizofungwa na bibi zao. Watoto walicheza mpaka vumbi likapanda. Ile hawakuletewa na mtu.

Wageni walipoondoka, watoto wakarudia chandimu yao, kwa mpira wa matambara. Nikamuuliza mwalimu kulikoni. Hakukasirika.

"Kijana, uwanja si unauona? Umeinama kama paa. Mpira wa matambara hauendi mbali, lakini huu wa kweli ukipigwa unaishia bondeni, kwenye miiba. Yote ikitoboka, mwakani tutawaonyesha nini? Watasema hatutunzi vitu, na madawati tutayakosa."

Nilikosa jibu. Mwalimu aliogopa kupoteza madawati, na wageni walitaka kuona walichotoa. Lakini sentensi ile ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeiweka kinywani mwa mtoto. Mtoto huyohuyo, UMITASHUMTA ikifika, atatakiwa ashindane na wenzake wa shule nyingine waliozoea mpira wa kweli. Usiku ule nilifungua daftari la riwaya, kalamu ikagoma.

Asubuhi nikarudi. "Shikamoo mwalimu. Nipe mmoja tu. Ukipotea nitaulipa, nitachuma pilipili manga za watu." Akaniangalia, akatoa ufunguo.

Tukawapanga watoto kwa zamu upande wa chini wa uwanja, wawe ukuta. Mpira uliwapita mara nyingi, wakaufuata migombani wakicheka. Baada ya wiki mbili ukachomwa na mwiba; fundi baiskeli akauziba. Ukachomwa tena. Yule binti akawa golikipa, mkali hasa, na mwalimu mwenyewe siku moja nilimkuta amevua viatu anacheza beki.

Mwaka uliofuata nikaombwa risala tena. Nikakataa, nikampa kalamu yule binti, sasa yuko darasa la saba. Aliandika sentensi nne tu: "Mpira mmoja umechakaa kwa sababu tumeucheza sana. Mitano iko kabatini. Uwanja wetu umeinama. Tunaomba pampu."

Mwalimu alipoisoma alishika kichwa. Lakini hakuikata. Wageni nao hawakununa: walikwenda kuutazama uwanja, na mmoja wao akaukimbilia mpira mpaka bondeni.

Enyi wenzangu mnaoota kuandika vitabu, riwaya yangu bado sijaimaliza. Ninaitafuta sentensi ya kukaa pamoja na zile nne.